Langton wa Ujiji

Ukimwita "Mama" bila kumalizia, hageuki. Ukimwita "Bibi" ndiyo kabisa, atakupita kama nguzo ya umeme. Sisi majirani zake wa Ujiji tulimwita Nesi, na hilo alilikubali kwa sababu alilisomea. Lakini mgeni akimuuliza jina, alisimama kwanza, akaweka chini alichobeba, hata kama ni ndoo ya maji kichwani, akanyoosha mkono na kusema, "Langton." Hakutanguliza jina la ubatizo wala kuongeza neno. Kisha alikutazama usoni kuona kama utacheka.

Nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka mingi, hata nikawa najua kikohozi chake cha mafua na kile cha hasira. Nataka kumsimulia nilivyomjua kabla watu hawajaanza kumpaka asali. Alikuwa mbishi, mwenye mdomo, na kwa sukari alikuwa bahili wa kutisha. Lakini jina hilo la Kizungu ambalo watu walimchekea ndilo lililowashika watoto watatu wasitawanywe, kila mmoja na njia yake, na mpaka leo sijaona jina lililofanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Alilipataje? Sitaeleza, kwa sababu yeye hakueleza. Wazee wa mtaani walikuwa na habari zao. Wengine walisema fundi wa injini kwenye meli ya ziwani enzi za mkoloni, wengine mpimaji wa reli, wengine mmishonari aliyegawa majina kisimani kama mtu anayegawa pipi. Nesi aliwaacha waseme. Alichonisimulia mimi ni kwamba utotoni jina hilo alitupiwa njia nzima kwenda shule: "Mtoto wa Langton! Mtoto wa Langton!" Siku moja akageuka, akawauliza, "Mnaniita? Haya, nimekuja, semeni." Wakatawanyika.

"Walinipa wenyewe, jirani," aliniambia. "Sasa nilirudishe? Thubutu!"

Zilipokuja siku za watu kuacha majina ya kigeni, balozi wetu wa nyumba kumi alimfuata nyumbani. Alikuwa mzee mpole, mwenye kofia yake ya kiua na sauti ya kubembeleza.

"Dada, hili jina la mkoloni, kweli huoni haya?"

"Shikamoo, Mzee. Hiyo suruali uliyovaa ulishonewa na babu yako?"

"Suruali ni vazi tu."

"Na hili ni vazi langu. Yule Mzungu aliondoka na kila alichokikuta huku. Kitu chake kimoja kimebaki kwangu, na nitakitumia ninavyotaka mimi."

Mzee wa watu akanywa maji, akaaga. Alikuwa mtu wa haki, hakulipeleka jambo lile mbele.

Nesi alikuwa na redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, aliyoiweka dirishani ili ishike vizuri. Kiingereza chake kilikuwa cha zahanati, cha dozi na presha na sindano, lakini alifungulia idhaa ya Kiingereza kila jioni akipembua mchele. Likitajwa jina la Langton, popote pale, aligonga ukuta. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiingereza sekondari, kwa hiyo nilitakiwa niache chungu jikoni nije kutafsiri.

"Huyo kafanya nini?"

Nilimpa majibu kadiri nilivyosikia. Mmoja alikuwa jaji huko kwao. Mwingine alifuga farasi wa mashindano. Kulikuwa na mwanamke aliyeogelea bahari kutoka nchi hadi nchi, na askofu, na mwanajeshi wa majini aliyekufa zamani mwenye sanamu ya shaba. Jaji hakumshtua hata kidogo. Mwogeleaji alimfurahisha, ingawa alitaka kujua nani alibaki na watoto wake. Siku ambayo redio ilitangaza waziri mmoja kuachishwa kazi kwa kusema uongo, naye akiitwa Langton, Nesi alipiga makofi.

"Huyo naye wetu! Nilishaanza kuogopa, ukoo mzima malaika watupu!"

Alikuwa pia na kipande cha gazeti lililofungiwa maandazi, chenye picha ya Langton mcheza mpira, timu sijui gani ya daraja la chini. Akakibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Mende wakaupenda ule uji, wakala miguu yote miwili, na yule mchezaji akabaki kiwiliwili akishangilia. Niliwahi kumuuliza watu wale ni nini kwake, maana wao hata hawajui kama Ujiji ipo.

"Nataka kujua nachangia jina na watu gani," alisema. "Wewe ukipanga chumba, huulizi wapangaji wenzako?"

Kazini alikuwa mwingine. Siku ya kliniki ya akina mama kule Katonga, alitundika mzani wake kwenye boriti ya banda la samaki, na wachuuzi wa dagaa walijipanga wakiwa na watoto mgongoni na magamba mikononi. Aliwafokea wote sawasawa, Mkristo kwa Mwislamu, mke wa ofisa kwa mke wa mvuvi. Mvuvi aliyeacha dawa ya malaria katikati kwa sababu homa imeshuka, Nesi alimfuata ufukweni, akaingia majini na sketi yake mpaka magotini, na kumsimamia ameze mbele ya wenzake. Akikasirika alisema Kiha. Wagonjwa waliotoka ng'ambo aliwasemesha Kirundi. Kiswahili, alidai, alikiwekea Mungu na serikali.

Jambo moja hakulifanya kamwe: hakumdanganya mgonjwa. Manesi wengine waliwaambia watoto sindano haiumi. Yeye alimwinamia mtoto na kumwambia, "Itauma. Halafu itaacha." Watoto walilia, lakini walirudi, na walimpa mkono bila kuvutwa. Nilidhani mtu wa namna hiyo hawezi kusema uongo hata ukimwekea panga shingoni. Nilikosea, na nilifurahi kukosea.

Ilikuwa katika miaka ile ya wakimbizi wa Burundi. Walishuka kutoka milimani kwa miguu, wakashuka bandarini Kigoma kutoka kwenye meli kuukuu na mitumbwi, wamebeba magodoro, masufuria, wazee. Shule zilikuwa likizo, na sisi walimu tuliombwa kusaidia kutafsiri pale walipopokelewa, kwenye uwanja wenye maturubai karibu na reli. Nesi alikuwa kwenye meza ya chanjo ya surua. Mimi nilikuwa meza ya pili, pamoja na karani kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekaa juani tangu alfajiri na midomo imempasuka.

Wakaja watoto watatu peke yao. Mvulana na msichana wa makamo ya darasa la nne, wamefanana kama ndizi za kichane kimoja, na mdogo mgongoni kwa yule msichana, anachemka homa. Mama yao walimwacha njiani, wakasema, na kwa jinsi walivyolisema hatukuuliza zaidi. Karani akauliza majina.

"Bukuru."

"Butoyi."

Msichana akasogeza bega ili uso wa mdogo uonekane. "Chiza."

"Jina la ukoo?"

Nikatafsiri. Wakanitazama tu. Warundi hawarithishani jina kama tunavyofanya mijini. Kila mtoto anapewa lake siku yake, na baba na mwana hawafanani kwa majina. Karani alilijua hilo, lakini alikuwa na amri. Watoto wasio na mzazi, wakubwa wanapanda basi la kambi mchana huohuo, wadogo wagonjwa wanapelekwa kituo cha watoto mjini. Ndugu hawatenganishwi, ila wathibitike kwamba ni ndugu.

Nesi alikuwa amesikia. Akaacha meza yake na sindano mkononi.

"Hawa ni tumbo moja. Bukuru na Butoyi ni mapacha, anayezaliwa baada ya mapacha ni Chiza. Huko kwao na huku kwetu Uha ni hivyohivyo. Muulize yeyote hapa."

"Mama, najua," karani akasema, na kwa kweli alijua. "Lakini tangu asubuhi nimeshaandika akina Bukuru kibao, wala hawajuani. Nikiamini majina tu, kesho mtu ataniletea Chiza wa kuokota. Watoto wanaibwa hapa, mama. Mimi ndiye nitakayeulizwa."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniumiza. Kwenye uwanja ule kulikuwa na watu waliokuwa wakichukua watoto kwa sababu wanazozijua wenyewe. Dereva wa basi alikuwa ameshawasha injini. Butoyi hakujua Kiswahili, lakini alijua mtu akitaka kukunyang'anya kitu. Akaikaza ile kanga ya mgongoni fundo la pili. Mdogo akaguta.

Nesi aliwatazama mmoja mmoja. Akaweka sindano kwenye sahani, akajifuta mikono.

"Wewe unataka jina la ukoo?"

"Ndiyo utaratibu, mama."

"Andika Langton."

Karani akacheka, kicheko cha uchovu. "Hawa? Langton?"

"Umeniuliza sura au umeniuliza jina?"

"Baba yao ni nani?"

"Kadi zote za chanjo hapa zina jina langu, na hujawahi kuniuliza baba yangu ni nani. Leo umekumbuka nini?"

"Mama, huu ni uongo, na wewe ni mtumishi wa serikali."

"Basi nishtaki," Nesi akasema, na sasa uwanja mzima ulikuwa ukisikiliza. "Nyumba yangu iko Ujiji. Huna haja ya namba. Ukifika sokoni uliza Langton, utaletwa mpaka mlangoni, maana hakuna wawili. Kuanzia leo tuko wanne."

Karani akanigeukia mimi, mtafsiri, kana kwamba nitamsaidia. Nikamwambia sikuwa na la kutafsiri, mama amesema Kiswahili fasaha. Halafu akaandika, mara tatu, taratibu, akiuliza herufi. Nesi akamtajia herufi moja moja. Basi la kambi likaondoka bila wao, na mimi niliketi chini ya lile turubai nikalia mbele za watu bila aibu.

Watu walisema mengi. Wengine walisema amejipatia watumishi wa bure. Wengine walisema amewafuta watoto wa watu na kuwapaka Uzungu. Hao hawakuingia ndani ya nyumba ile. Ndani ilikuwa Kirundi mtindo mmoja. Aliyejibu kwa Kiswahili mezani alinyang'anywa kijiko mpaka aombe upya. Kilima walichotoka aliwatajisha kila Jumapili baada ya misa, pamoja na jina la mama yao na majina ya jirani zao, na Chiza, ambaye hakuweza kukumbuka chochote, alivitaja kama tulivyokuwa tukitaja jedwali la kuzidisha. Nilimuuliza Nesi kwa nini awape jina la Uingereza halafu awasumbue na kilima cha Burundi.

"Jina ni la makaratasi," alinijibu. "Kilima ni cha kwao. Mbona mimi navaa viatu na bado nina miguu?"

Sukari haikuongezeka. Kipimo kilikuwa kifuniko cha chupa ya soda, kimoja kwa kikombe, na kopo lilikaa chini ya kitanda chake. Bukuru alishikwa mara moja amelifungua, akasafishwa kwa ulimi mpaka nikamhurumia. Lakini alipougua vidonda vya tumbo na kulazwa, yule yule mama bahili alilala sakafuni wodini, kwenye kipande cha boksi, wiki nzima, na kuwafokea manesi vijana kwa niaba ya mgonjwa.

Baadaye vikaja vipindi vya kurudisha watu makwao. Maofisa wawili walipiga hodi, wakiwa na heshima zao zote, wakisema wamesikia hapa kuna watoto wa Kirundi. Nesi aliwakalisha, akawapa chai ya kifuniko kimoja kimoja.

"Wapo," alisema. "Sijawahi kuwaficha. Waulizeni wenyewe. Wakitaka kurudi, watarudi watatu. Wakitaka kubaki, watabaki watatu. Mkija kuchukua mmoja, mje na askari, na askari waje na chakula, maana tutakesha."

Hawakuja tena. Miaka kadhaa baadaye, amani iliposhika, wale watatu walikwenda wenyewe kukiona kilima. Walikuta shamba la mihogo la mtu mwingine na mzee mmoja aliyemkumbuka mama yao. Walikaa siku chache, wakarudi na kikapu cha maharage, wakampa Nesi. Aliyapika siku hiyohiyo. Alikula kimya, kitu ambacho sikuwahi kukiona kabla.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia, Nesi alikuwa ameshastaafu siku nyingi na anatembelea fimbo. Kijana mmoja anayetembeza watalii aliniletea Mzungu nyumbani, mzee mpole mwenye miwani na kofia ya jua. Alikuwa ametoka sokoni, amechanganyikiwa. Alikuwa ameambiwa huko kwao kwamba Ujiji kuna bibi mmoja mwenye jina la Langton, basi akauliza sokoni. Watu wakamuuliza, "Yupi? Wa mashine za boti? Wa hospitali? Au yule mrefu wa Mwandiga, anayelangua mawese?"

Yeye mwenyewe aliitwa Langton.

Nikampeleka kwa jirani yangu. Nilisubiri kwa hamu aweke fimbo chini, anyooshe mkono, alitaje jina kama alivyolitaja kwa dunia nzima. Hakulitaja. Alijibu salamu, akaonyesha kiti, akakaa. Nilishangaa mpaka nikasahau kutafsiri salamu.

Mzungu akakunjua mchoro mkubwa juu ya meza, mti wa ukoo, matawi na majina. Alieleza kwa upole, na mimi nikatafsiri. Huyu ni jaji. Huyu wa meli za kivita, mwenye sanamu. Huyu askofu. Nesi alikuwa akiitikia kwa kichwa, maana wote aliwafahamu kutoka redioni. Akauliza waziri mwongo yuko wapi. Mzungu akawa mwekundu, akaonyesha kwa kidole. Nesi akaridhika.

Chini kabisa kulikuwa na tawi lililokatika, lenye alama ya kuuliza. Mzungu akasema amekuja kwa ajili ya hilo. Anaamini baba mdogo wa babu yake alifanya kazi kwenye ziwa hili. Kama Nesi atamtajia tu baba yake ni nani, ataandikwa pale, atakuwa mmoja wao, na ukoo mzima utafurahi kumkaribisha nyumbani. Alimaanisha.

"Mwambie tuko wanne," Nesi akasema.

Nikamwambia, nikamweleza habari za watoto. Alisikiliza kwa makini, akasikitika mahali pa kusikitika. Kisha akasema, kwa adabu, kwamba mchoro huu ni wa damu. Wale wengine hawezi kuwaweka. Labda pembeni, kwa maandishi madogo, kwamba walilelewa.

Nilitafsiri hilo neno kwa neno. Ilikuwa meza ileile ya uwanjani imetufuata. Mmoja apande, wengine wabaki.

Nesi hakupandisha sauti. "Mwambie anywe chai kwanza. Butoyi anatoka zamu sasa hivi." Akampimia sukari kwa kifuniko. Jina halikumpatia Mzungu cha pili.

Bukuru ndiye aliyefika mwanzo, mikono ina grisi. Akaifuta kwenye suruali, akampa mgeni. "Bukuru Langton." Mzungu akasimama, kama desturi yao, akataja jina lake. Akaingia Butoyi na sare yake nyeupe. "Butoyi Langton. Karibu." Mzungu akasimama tena, akalitaja tena. Wa mwisho alikuwa Chiza, aliyeingia mlangoni akiinama kwa urefu, yule aliyekuwa mgongoni. "Chiza Langton, Mzee. Shikamoo." Safari hii Mzungu alilitaja jina lake kwa sauti ya chini, akabaki amesimama, anawatazama watatu wale waliosimama bega kwa bega mbele ya mchoro wake.

Nikafungua kinywa nimweleze yupi ni yupi.

"Usitafsiri, jirani," Nesi akasema. "Hapo amesikia."

Akaukataa mkono wa Butoyi uliotaka kumsaidia. Akanyanyuka mwenyewe, akaiegemeza fimbo ukutani, chini ya mchezaji wake asiye na miguu, akaweka kikombe mezani, akajiweka sawa. Halafu akanyoosha mkono.

"Langton," alisema. "Karibu kwetu."